Ubaridi wa Kunegunda

Walburga alifika kiwandani akitokea mtaani kwake Lizaboni, akajifunga kitenge kiunoni, akaketi kwenye benchi la kuchambulia tumbaku. Novemba ilikuwa inaisha na mvua bado. Juu ya mabati jua lilikuwa halina mchezo, lakini madirisha yote yalikuwa yamepigiliwa misumari, kwa sababu jani la tumbaku likipigwa na upepo mkavu huvunjikavunjika, na jani lililovunjika halina daraja. Mtu akikauka, hilo ni lake na Mungu wake.

Mara akaingia Kunegunda. Alikuwa ameanguka palepale kwenye benchi wiki iliyotangulia: jasho lilimkauka kwanza, kisha akaenda chini. Walburga ndiye aliyemmwagia maji kichwani, yasisaidie kitu. Walimzika kwenye makaburi ya Mjimwema, na matanga yalikuwa yameanuliwa juzi tu. Sasa alikuwa amevaa kitenge alichozikwa nacho, na nywele zilikuwa na udongo mwekundu.

"Shikamoo, dada," alisema Walburga.

"Marahaba. Hebu sogea, mdogo wangu."

Walburga akasogea. Kunegunda akavuta fungu la majani na kuendelea pale alipoishia.

Kipya kilikuwa ubaridi. Ulimtoka mwilini kama unavyotoka kwenye mtungi, na majani yaliyokuwa karibu naye yakabaki laini. Wanawake wakaanza kugombea ubavu wake. Suzana, ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo, alisema marehemu amekuwa mkarimu, maana enzi za uhai wake hata karanga alikuwa hagawi. Kunegunda mwenyewe akacheka.

Walburga hakucheka. Alimpenda Kunegunda, na aliogopa kumfuata. Akamwendea msimamizi, Calvin.

"Bosi, tufungulieni hata dirisha moja. Mwenzetu amekufa kwa joto humu."

"Si yule pale anachapa kazi?"

"Amekufa, bosi."

"Sawa, amekufa. Lakini amekuja, na hajaomba dirisha."

Kesho yake Calvin alimhamishia Kunegunda mwisho wa benchi, penye majani ya daraja la kwanza. Suzana akapangwa mwisho wa upande wa pili, mbali na ubaridi. Siku chache baadaye jasho likamkauka katikati ya maneno, akaanguka. Jumuiya ya kanisa ikaimba mazishini, matanga yakaanuliwa, naye akarudi kazini na maneno yake yote, akaanzia alipokatishwa. Sasa benchi likapoa pande zote mbili.

Katikati alibaki Walburga, mahali ambapo ubaridi wa huku haukufika wala wa kule. Mchana Calvin alipita akipapasa majani kwa kiganja. Yote yalikuwa laini mpaka alipofika mbele ya Walburga.

"Ni hapa tu pamebaki," alisema. "Lakini usijali, mama. Napo patapoa."

"Mdogo wangu," aliita Kunegunda kutoka mwisho wa benchi, "jifute uso."

Walburga akajifuta kwa ncha ya kitenge, akaitazama. Ilikuwa kavu.