Pua ya Wilf Sugden

Basi la kijiji cha Scarholme hupanda mara mbili tu kwa siku, na Jumamosi ile Wilf Sugden alikuwa akiomba kimoyomoyo liharibike njiani. Halikuharibika. Lilikwea mlima likikoroma kama kawaida yake, likapita kuta za mawe na kondoo waliolowa chapachapa, na ndani yake Trevor Haigh, rafiki yake wa miaka arobaini, alikuwa akila pai ya nyama kana kwamba nyumbani hakupewa chai.

"Mbona umenuna?" Trevor alimuuliza, makombo yakimdondokea kifuani. "Tunakwenda kunywa bia, bwana, hatuendi kuzika."

"Tumbo tu."

"Tumbo! Tumbo lako limemeza kila pipa kuanzia Skipton mpaka Barnsley, leo ndo limekuwa na deko?"

Bi Pauline Crowther, katibu wa tawi lao, alicheka bila kugeuka. Alikaa kiti cha mbele, kapakata faili la buluu kwa uangalifu wa mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshikie. Ndani ya faili lile mlikuwa na karatasi moja ambayo Wilf angekubali kung'olewa jino bila ganzi ili aipate aichane.

Walikuwa watu wa chama cha wapenzi wa bia. Kazi yao, kama kunywa ni kazi, ilikuwa kuzizungukia baa za mabonde yale zinazouza bia ya pipa, ile iliyo hai, inayoendelea kuumuka ndani ya pipa lake na kuvutwa juu kwa pampu ya mkono. Huionja, huipa alama kuanzia sifuri hadi tano, na kila mwaka hupiga kura baa zipi ziingie kwenye Kitabu, orodha ya chama ya baa bora. Baa iliyomo kwenye Kitabu hufuatwa hata mlimani, hata kwenye mvua. Bega la Kondoo, baa pekee ya Scarholme, ilikuwamo miaka tisa mfululizo. Novemba iliyopita Wilf alipanda peke yake, maana Trevor alikuwa hospitali kwa ajili ya goti, akaipa alama moja. Pembeni akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Chachu. Inaelekea siki."

Kura ilikuwa Jumanne. Kanuni ya tawi ilitaka baa iliyopata alama mbaya irudiwe na watu watatu kabla ya kura, na hiyo ndiyo safari yenyewe. Na bondeni kote watu walijua kwamba kampuni yenye jengo ilikwisha kumwambia mwenye baa: ukitoka kwenye Kitabu, masika hatukuongezei mkataba.

Wasichokijua ni kwamba Wilf hakuwa na pua. Yaani alikuwa nayo, tena kubwa, lakini ilikuwa pambo.

Zamani pua ile ilikuwa mali ya tawi zima. Miaka thelathini alikuwa mtu wa kiwanda cha mkate, na angeweza kusimama mlangoni mwa baa akakwambia ni mrija wa pampu ipi haujaoshwa wiki hii. Watu wakibishana, mmoja husema, "Muulizeni Wilf," na ubishi unakwisha. Korona ilipompitia, miaka miwili nyuma, homa iliondoka na harufu ya kila kitu, na ulimi ukabaki kama kipande cha kadibodi. Alishindwa kusema. Angekuwa nani bila pua ile? Mgane mwenye kadi ya basi ya wazee. Basi akajifunza kuonja kwa macho. Alitazama povu linavyong'ang'ania glasi, akainua bia dirishani aone kama inang'aa, na zaidi ya yote alimtazama Trevor, kwa sababu bia ikiwa nzuri jicho la kushoto la Trevor hujifumba lenyewe. Alama za Wilf zilikuwa alama za jicho la Trevor.

Novemba, jicho lile halikuwepo.

Baa ilikuwa na joto. Mwenye baa alikuwa nyuma ya kaunta, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, nywele kazibana kwa kalamu, mtoto mchanga kiunoni.

"Ingieni, wapenzi, fungeni mlango huo, baridi nayo inataka kunywa," alisema. Akavuta pampu kwa mkono mmoja, polepole, mvuto mmoja mrefu kisha mwingine, akaziacha glasi zitulie kabla ya kuzijaza. Wilf alimtazama mkono, macho yakamshuka.

Walikaa meza ya karibu na moto. Trevor alikunywa. Jicho la kushoto likajifumba, likabaki hivyo hivyo.

"Tano," akasema. "Kama peponi kuna baa, hii ndo wanayovuta."

Bi Pauline alionja, akaonja tena. "Nne na nusu. Mimi sitoi tano, niliinyima hata baa ya kaka yangu." Wilf alishusha pumzi. Alama zao zingeimeza ile yake, siki ingesahaulika, na yeye angerudi nyumbani. Lakini Bi Pauline alifungua faili, akashusha sauti. "Na hilo ndilo linalonitia shaka."

"Lipi tena?" Trevor akauliza.

"Wilf hakosei. Miaka ishirini niko naye, hajakosea hata siku moja. Akisema siki, ilikuwa siki. Sasa leo tumekuja watatu, na bia imekuwa asali? Kuna mtu kampigia simu mwenye baa kwamba tunakuja. Kafungua pipa jipya kwa ajili yetu, tukishuka anarudia siki yake. Na baa inayotudanganya hatuiweki kwenye Kitabu, hata ikipata kumi."

Wilf aliizungusha glasi yake mezani. "Pengine nilikosea."

"Wewe?" Bi Pauline akacheka kwa upendo kabisa. "Wacha utani."

Wakati huo mwenye baa alikuwa anakuja na sahani ya mkate wa nyama. Aliiweka mezani, akamkazia macho Wilf, uso ukamchanua.

"Nilisema namjua huyu! Ulikuja Novemba, siku ya mvua ya mawe, ukakaa pale dirishani. Hutanikumbuka, lakini mimi sikusahau. Mzee Stott, aliyekuwa hapa kabla yangu, alikuwa ameshaniachia baa, na lile ndo lilikuwa pipa langu la kwanza kulitunza bila yeye. Nikakuuliza, vipi? Ukasema, 'Tamu sana, mpenzi.' Ulipotoka nilimpigia mama simu. Nikamwambia, mama, kuna mzee kasema tamu!"

Bi Pauline aliitazama karatasi, akamtazama Wilf.

"Tamu?" akauliza.

"Si unamjua Wilf," Trevor akadakia. "Ana adabu. Hawezi kumwambia mama wa watu usoni kwamba bia yake ni siki."

"Siki?" Uso wa mwenye baa ulijifunga. "Nani kasema siki?"

Mlango wa kuponyokea ulikuwa wazi kwa Wilf, Trevor kamfungulia. Angetikisa kichwa tu, kwa huzuni, kama mjuzi aliyelazimika. Alimwona yule mwanamke akimhamisha mtoto kutoka kiuno hiki kwenda kile, akingoja.

"Mimi," Wilf akasema. "Mimi ndo niliandika siki. Lakini sikuonja siki. Sionji kitu. Tangu korona sisikii harufu wala ladha. Nimekuwa nikimtazama Trevor uso."

Trevor aliweka glasi chini.

"Wilf," Bi Pauline akasema taratibu, "moyo wako naujua. Umemwona na mtoto, umemhurumia, sasa unataka kujichafua ili apone. Usifanye hivyo."

Hilo Wilf hakulitegemea. Ukweli aliouficha miaka miwili alikuwa ameutoa mezani, na watu wanaurudisha mfukoni mwake.

"Pipa hili nimelifungua Jumatano," mwenye baa akasema. "Daftari la mapipa liko chini, kila pipa na tarehe yake, na kabla ya kulifungua lilipumzika siku tatu. Nawaletea. Nishikie huyu." Akamtua mtoto mapajani mwa Wilf, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, akashuka ngazi za stoo mbio.

Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Alimtazama Wilf, akakunja uso, akawa mwekundu kama nyanya, kisha akatulia kwa raha zake. Wilf alimwinamia, kidevu kikamgusa utosi, kwa kuwa hapo tu ndipo alipoweza kuuficha uso.

Kwanza Trevor alisogeza kiti nyuma. Kisha akaziba pua. Bi Pauline alichukua faili lake akajipepea nalo, macho yakimtoka machozi.

"Mungu wangu," Trevor akasema. "Anakula nini huyu?"

"Vipi?" Wilf akauliza, kidevu bado utosini.

Wale wawili walitazamana. Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua. Wilf Sugden aliumbuliwa na nepi.

"Wilf," Trevor akasema polepole. "Kweli husikii?"

"Kusikia nini?"

Mwenye baa alirudi na daftari. Tarehe zilikuwepo, pipa kwa pipa, hata saa. Bi Pauline alizisoma, akalifunga daftari, akaushika mkono wa Wilf. "Maskini wee. Miaka miwili! Kwa nini hukutuambia? Hili ni gonjwa, si kosa lako."

Trevor hakusema maskini. "Ulikuwa unanisoma mimi," alisema, akiutazama moto. "Nikidhani tunakunywa wote." Kisha akamgonga bega, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Hapo pangetosha. Walikuwa wanamhurumia, na huruma ni blanketi. Angeweza kujifunika nayo mpaka kwenye basi. Ila mtoto alikuwa bado mapajani, na mama yake amesimama mbele yake.

"Si pua," Wilf akasema, akimwambia yeye. "Pua ilikuwa imekufa, haikuniambia lolote. Ningeweza kuiacha karatasi wazi, bila alama. Lakini nilikuona unavuta bia na mtoto begani. Nikaona chupa ya maziwa imeinikwa ikauke katikati ya glasi za bia. Nikasema, huyu ana muda gani wa kushughulika na mapipa? Na alama ya chini humfanya mtu aonekane mjuzi. Nikakwambia tamu, nikatoka, nikaandika siki nikiwa kituoni."

Bi Pauline aliuachia mkono wake.

Mwenye baa alimchukua mtoto. Alimlaza begani, akampigapiga mgongo, ingawa mtoto hakuwa analia.

"Alikuwa na wiki saba," alisema. "Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nashuka kwenye mapipa, yeye namwacha kwenye kapu juu ya ngazi, naongea kwa sauti ili anisikie. Mirija nimeiosha na kidonda cha kujifungua hakijapona. Ungeniuliza, ningekwambia. Ningekupeleka chini ukaone."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungeuliza." Akachomoa kalamu nywelani, nywele zikamwangukia, akaiweka mezani. "Andika. Hapo hapo ulipoandika siki. Na Jumanne usome mwenyewe, asikusomee mtu. Nitampata wa kunishikia baa, nitakuja nisikie."

"Atasoma," Bi Pauline akasema, sauti yake kavu, akimsogezea karatasi.

Mwenye baa alikwenda juu kumbadilisha mtoto. Wilf aliandika. Mwandiko wake mzuri ulikataa. Herufi zilipanda na kushuka kama njia za mlima ule. Aliandika kwamba hana pua, kwamba hakuionja bia, kwamba aliandika alichokiona na si alichokunywa. Aliandika kwamba mwenye baa hakufanya kosa lolote. Trevor alimwacha amalize, kisha akasukuma sahani ya mkate upande wake bila kumtazama.

Mwanamke aliporudi, mtoto akinukia sabuni kwa kila mtu isipokuwa Wilf, alisoma akiwa amesimama. Alisoma yote, kisha akaanza upya.

"Umeandika 'mwenye baa,'" akasema. "Mara tatu. Mimi nina jina."

Wilf alifungua mdomo. Alikuwa amekunywa bia ya mtu huyu mara mbili, amemhukumu, amemtetea, na hakulijua jina lake. Alimtazama Trevor, kwa mazoea. Trevor alitazama dari.

"Samahani," akasema. "Unaitwa nani?"

"Liko juu ya mlango," akamjibu. "Kama la kila mwenye baa. Sheria inataka."

Hakuwa amesema kwa ukali. Wilf alisimama, magoti yakilia, akavuka baa bila koti akatoka kwenye manyunyu. Alirudi nyuma hatua tatu, akainua kichwa. Rangi ilikuwa mpya, herufi nyeupe kwenye ubao mweusi, za mkono wa mtu asiye fundi aliyejitahidi zikae sawa: Rochelle Ann Gaukroger, mwenye leseni. Alilisoma taratibu, maji yakimwingia machoni, akalisoma tena kwa sauti, kisha akarudi ndani akiwa bado analitaja midomoni, mtu mzima wa miaka sabini kama mtoto aliyetumwa dukani, asije akalipoteza kabla ya kuifikia karatasi.