Redio ya Kinyozi Mbele ya Baraza

Naapa kwa macho yangu yote mawili, likiwemo lile lenye mtoto wa jicho: kisa hiki ni cha kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Atakayeninasa na uongo, nitalipa.

Shemeji yangu ni kinyozi. Duka lake lina kiti kimoja cha kunyolea, nafasi sita za kusubiria, na redio iliyofungwa waya mahali palipokuwa na mpini. Siku moja akaingia mkaguzi wa chama kinachowakusanyia wanamuziki malipo ya nyimbo zao zinapopigwa hadharani. Hakutaka kunyolewa. Alihesabu nafasi za kukaa, akaandika saba.

"Leseni ya viti saba," alisema. "Usipolipa, redio tunaichukua."

"Bwana mkubwa, hapa hakuna anayefuata muziki. Wanafuata kunyolewa."

"Na masikio wanayaacha nyumbani?"

Kinyozi akazima redio, akaishusha rafuni. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwa miaka ishirini na miwili mkono wake ulikuwa umezoea kwenda na ngoma. Bila wimbo haukujua pa kugeukia. Mteja wa kwanza alitoka na ngazi kisogoni. Wa pili, karani wa benki, akawa anashinda na kofia ofisini. Kufika Ijumaa duka lilikuwa tupu, na mkewe, yaani dada yangu, akamwambia, "Mume wangu, ama redio irudi, ama tufunge duka tukalale."

Akaenda barazani. Baraza la hakimiliki ni mahakama ndogo isiyoshughulika na wezi wala talaka; kazi yake ni kuamua magomvi ya leseni kama haya. Watu watatu, meza moja, feni moja. Mwenyekiti alikuwa mama ambaye, inasemekana, hajacheka tangu ateuliwe.

"Mheshimiwa, redio yangu ni kifaa cha kazi," kinyozi alijitetea. "Kama wembe."

"Thibitisha."

"Nipeni kichwa."

Wajumbe wakatazamana. Kichwa pekee kilichokuwa hakina uamuzi wa kutoa kilikuwa cha mkaguzi.

Jumanne baraza zima likahamia dukani. Upande wa kushoto ulinyolewa redio ikiimba, ukanyooka kama umepigiwa rula. Upande wa kulia ulinyolewa kimyakimya. Mashine ikapanda, ikashuka, ikasita juu ya sikio kama mgeni aliyesahau mlango. Mwenyekiti akakizunguka kile kichwa mara mbili.

"Iandikwe," akamwambia karani wake, "kwamba upande wa kulia ni janga."

"Mheshimiwa, naomba basi anisawazishe," mkaguzi akasema.

"Kielelezo hakiguswi mpaka hukumu itolewe."

Hukumu ilitolewa baada ya siku kumi na moja. Baraza lilisema redio ni kifaa, ila hata wembe hununuliwa. Wanaosubiri wamefuata kunyolewa, hawahesabiwi. Kinyozi alipie kiti kimoja tu. Redio ikarudi kwenye rafu, mkono ukarudi kwenye akili zake, na karani wa benki akavua kofia.

Niliandika mpaka hapo, nikampelekea dada yangu asome dukani kwa sauti, wateja wote wasikie. Alipofika penye kiti kimoja, akaishusha karatasi.

"Kaka. Kimoja?"

"Kimoja."

Akaibandua leseni ukutani. "Soma."

"Sina miwani."

"Unayo usoni." Akasoma mwenyewe: "Viti viwili. Cha kunyolea, na cha kando ya redio, ambapo baraza lilimkuta mzee mwenye upara akitikisa mguu, naye hakuweza kueleza amekuja kunyolewa nini."

Wateja wote wakanigeukia. Kusema haki, nilikuwa nimeeleza. Nilimwambia mwenyekiti kwamba nasubiri ndevu ziote.

"Cha pili nakilipia mimi huu mwaka wa pili, shemeji," kinyozi akasema, bila kuinua macho kwenye kichwa alichokuwa akinyoa. "Nilidhani utaona haya mwenyewe."

Nikatoa pochi. Nimelipa ada ya miaka yote miwili, na ya mwaka ujao. Shemeji akaipokea, akaongeza sauti ya redio, nami nikarudi kwenye kiti changu.