Shuka la Picha Tisa

Msimamizi mpya wa jumba la makumbusho alikuwa ametundika picha tisa kwenye ukuta wa ngazi, kila moja chini kidogo ya mwenzake. Zilikuwa nyeusi na nyeupe, na hazikuonyesha kitu cha kueleweka: weupe mtupu, mistari ya vivuli, na pembeni ncha za vidole. Kadi ya zamani ilikuwa na neno moja tu, SHUKA. Basi msimamizi, binti wa watu, akazipanga zishuke na ngazi.

Mpiga picha mwenyewe, ambaye sasa ni mzee, angefika saa tano. Hakuwa ameiona kazi yake kwa miaka thelathini, na binti alitamani akiiona tu afurahi. Tangu alfajiri hakuwa ametia kitu mdomoni.

Shangazi yake, aliyefanya usafi pale, akamletea chai na kusimama mbele yake hadi akaimaliza. Kisha akainua macho ukutani, akacheka mpaka akashika reli ya ngazi.

"Mwanangu, hii si kushuka. Hili ni shuka la kitandani. Watu wawili wanalikunja."

Kumbe vile vidole vilikuwa vimeshika pembe! Wakazitungua picha na kuzilaza sakafuni, lakini ipi ilitangulia? Shangazi akaleta shuka kutoka stoo. Wakawa wanakunja hatua moja, wanasimama, wanatafuta picha yake. Binti alikunja kinyume kila mara, na shangazi akamtania kwamba mumewe ataamka na mikunjo usoni.

Walikuwa kwenye picha ya sita mlango ulipofunguka. Mzee alikuwa amewahi. Binti akaganda, shuka mkononi, ukuta mtupu. Akaomba radhi, akaeleza kosa lote bila kuficha.

Mzee akainama juu ya safu ile, akatazama picha moja moja, taratibu.

"Kila mtu huniuliza inashuka kutoka wapi," akasema. "Nilichoka, nikawa nawajibu, kutoka juu."

Mikono ile ilikuwa ya mama yake na dada yake, siku ya kufua. Akaweka mkoba chini, akamwomba shangazi pembe zake mbili.

"Wewe pumzika, dada. Mimi hawakuniruhusu kuligusa. Walinipa kamera ili nisiwasumbue."

Akashika, akanyoosha, akakunja kinyume. Shangazi, ambaye sasa alikuwa ameketi kwenye ngazi, akawaambia wote wawili waanze upya.