Alhamisi ya Mzee Thobias

Mzee Thobias alikuwa akiringia saa yake, tusifichane. Ilikuwa ya zamani, isiyotiwa ufunguo, inayojijaza kwa mwendo wa mkono, na ilikuwa na kidirisha cha siku na tarehe. Tangu mkewe afariki, chumbani kwake Ujiji hapakuwa na mwingine wa kumwambia leo ni siku gani.

Na juma lile siku ilikuwa na uzito. Binti yake Scola, aliyemfukuza miaka sita nyuma kwa kuolewa bila idhini, alimletea salamu kupitia Mwanvua, mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi. "Tunahamia Kalemie, ng'ambo ya ziwa, Kongo. Boti yetu itapita bandarini Kibirizi Alhamisi tarehe 14, saa saba. Kama baba amenisamehe, aje. Asipokuja nitaelewa."

Kumsamehe alishamsamehe zamani. Ukaidi tu ulimziba mdomo.

Basi homa ikamwangusha. Akaivua saa, akalala siku tatu hajui mchana wala usiku. Alipopata nafuu akaikuta imesimama, maana saa za namna ile zisipovaliwa huishiwa nguvu. Akaivaa, akaitikisa, akarekebisha mishale kwa adhana ya adhuhuri. Kidirisha hakukigusa. Kilisema Jumanne, naye akakiamini. Ndugu yangu, ilikuwa Jumatano.

Kiliposema Alhamisi 14, alinyoa ndevu, akavaa shati la kanisani, akapanda bodaboda. Njiani aliwaona wanaume wengi wenye kanzu wakielekea msikitini. Akadhani kuna msiba.

Kibirizi alimkuta Mwanvua akigeuza dagaa juani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Boti ya kina Scola bado?"

Mwanvua aliacha kugeuza dagaa. "Ilipita jana, mzee. Leo Ijumaa."

Thobias akamnyooshea mkono wenye saa, aone mwenyewe.

"Alisimama hapo na mtoto mgongoni mpaka injini ikawashwa," Mwanvua alisema. "Akasema, mwambie baba nimeelewa."

"Mpigie simu."

"Laini yake kaniachia mimi. Kule haina kazi."

Mzee alikaa juu ya gunia tupu. Akavuta kitufe cha pembeni mwa saa, akakizungusha taratibu mpaka ikaja Ijumaa, tarehe 15. Sasa ilikuwa sahihi.

"Hukumwambia kwamba naumwa?"

"Sikujua unaumwa, mzee. Nani alijua?"

Thobias alifikiri sana, akitafuta hata jina moja. Hakulipata.