Herufi za Mluzi

"Neno lolote lenye herufi sini, limeze," mama aliniambia huku akinifunga mkanda kiunoni. "Wakikusalimu, kohoa. Na kahawa nimeshaitia sukari, usije ukawauliza."

Maskini mama yangu Dalenda! Mtu aishi Sfaksi, mji unaoanza kwa swadi na kuishia kwa sini, amwite mwanawe Zazia, kisha ulimi wa mwana uzikatae swadi, zai na sini, zote tatu. Watoto wa chuo cha Kurani walinipokea kwa nyimbo: "Dhadhia wa Thfakthi!"

Mwalimu wetu, Bibi Turkia, hakucheka. Alitufundisha kwamba hizo ndizo herufi za safiri, yaani mluzi, ule ule wa ndege na wa mchunga kondoo: pumzi inabanwa penye meno, inatoka inalia. Swadi hulia kama bata bukini, zai kama nyuki, sini kama nzige.

"Safiri, Zazia, si safari," akaniambia, kanishika kidevu. "Ulimi wako unatembea mno. Ukae nyumbani."

Haukukaa. Nilitoka chuoni na nyuki wangu wote wamekufa, nikawa msichana wa kukohoa.

Na Sassi? Sassi nilimjua kwa mluzi. Msimu wa zeituni alipita asubuhi nyuma ya ukuta wetu na punda wake, akipiga mluzi mtamu hata njiwa wakanyamaza. Nami nikapanda juu ya paa kuanika pilipili zilizokwisha kukauka tangu juzi. Akainua macho. Haukupita muda, punda akawa anasimama pale bila kuambiwa.

Sasa mama yake, Bi Manubia, alikuwa mlangoni mwetu kuleta posa, kajitanda shuka lake jeupe, na kijana nyuma yake, macho chini.

"Asalamu aleikum, binti."

Nikakohoa.

Mama akamgeukia Sassi haraka. "Karibu, baba. Salama huko?"

Sassi akakohoa.

Wakaketi. Mama akawa anamtazama kijana kifuani. Bi Manubia naye akakisogeza kikombe chake mbali na pumzi yangu.

"Jina lako nani, mwanangu?"

"Zazia," mama akadakia.

"Nimemuuliza mwenye jina."

Nikakohoa mpaka machozi yakanitoka.

Bi Manubia akasimama. "Dada yangu, binti yako mzuri, lakini kifua hicho... Mungu amponye."

"Kifua?" Mama akawaka. "Na huyo wako anayebweka tangu mlangoni?"

"Mwanangu mzima kama punda wake!"

"Basi aseme, asibweke!"

Walikuwa wamekwisha kufika mlangoni. Nikaona mluzi wangu, njiwa wangu na asubuhi zangu zote zinatoka na lile shuka jeupe. Nikaona heri nichekwe.

"Mimi mdhima," nikasema. "Thina kifua. Naitwa Dhadhia. Kithembe tu."

Mama akaziba uso kwa viganja. Nikangoja kicheko. Sassi alimtazama mama yake, aliyekuwa akimkodolea macho anyamaze, kisha akanitazama mimi.

"Na mimi," akasema, "Thathi."

Bi Manubia akaketi pale pale kizingitini, shuka likamdondoka mabegani. "Na mimi ndiye niliyemwambia akohoe!" Akacheka, mama akacheka, wakagongana viganja kama wasichana. Nani alimdanganya nani, hawakukubaliana mpaka wakafa. Sassi alirudi akainua kikombe chake, kahawa imepoa kama maji ya kisima.

"Thukari tele," akaninong'oneza, akainywa yote.

Juzijuzi wanetu walinipeleka kutengenezewa meno ya bandia. Loo! Nilirudi na mluzi mdomoni: bata, nyuki, nzige, wote wamefufuka. Bibi Turkia angenichinjia kondoo. Njia nzima nilisalimia watu nisiowajua, ili mradi tu niseme salamu.

Sassi alikuwa uani akichambua zeituni. Nikasimama nyuma yake, nimejaa fahari.

"Sassi!"

Hakugeuka.

"Sassi!"

Akatupa jicho ukutani, kana kwamba jirani ana mgeni.

Nikayatoa meno, nikayaweka kwenye bakuli la zeituni.

"Thathi."

"Naam," akasema, akasogea kunipa nafasi ya kukaa.