Mfano wa Marehemu Wangila

Karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa ukumbi wa kanisa ilisema: LEO, NYUMBANI NI WAPI? Nikadhani ni mkutano wetu. Kamati ya mazishi ya mume wangu Wangila ilikuwa ikutane humo Jumamosi hiyo, na hilo ndilo swali walilokuwa wakiligombania. Shemeji yangu Wamalwa alishikilia mwili uende kwao Kimilili. Wangila mwenyewe aliniambia, akiwa na akili zake timamu, tumzike kwenye ploti yetu hapa Kitengela, karibu na mwarobaini alioupanda. Lakini kwao mtu hazikwi kwenye ploti. Ploti ni ya kujenga tu; nyumbani ni kwa baba.

Nikaingia, nikaketi nyuma. Tangu afe nilikuwa sihisi kitu. Chai ilikuwa maji ya moto tu, na watu walikuwa midomo inayosogea. Sikujiuliza hata kwa nini simjui mtu mle ndani.

Mbele alisimama Nduta, mwalimu wa falsafa, ambaye, kama nilivyojua baadaye, kila mwezi huwaalika watu wa mtaa wabishane juu ya maswali ya maisha. Akaomba kila mtu ajitambulishe. Kwenye matanga nasi hufanya hivyo: unasimama, unataja jina lako na unavyohusiana na marehemu. Zamu yangu ikafika, nikasimama.

"Naitwa Jackie, Mama Valerie. Marehemu ni bwanangu. Watu wake wanataka aende Kimilili, na yeye alitaka azikwe hapa kwa ploti."

Nduta akapiga makofi. "Mfano poa sana! Wacha tuanze na huyo marehemu."

Wakaanza. Mzee Irungu, mwenye duka la chakula cha mifugo, akasema maiti haina maoni, ardhi ni ya walio hai. Kijana mmoja akamjibu, "Lakini promise ni promise, mzee, hata kama jamaa ameshadedi." Mama mwingine akasema mila ikivunjwa, watoto ndio hulipa. Wangila wangu akapigwa huku na huku kama mpira wa makaratasi. Hapo nilikuwa nimeshaelewa kwamba nimeingia mkutano usio wetu. Mimi ni mtu wa hasira, muulize yeyote anayenijua. Siku hiyo hasira haikuja, nikakaa tu.

Halafu Nduta akanigeukia. "Na huyo mjane, kwa huu mfano wako, yeye anataka nini?"

Nilikuwa nimeulizwa rangi ya jeneza, picha ya tangazo, saizi ya suti. Hilo hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Anataka amzike mahali anaweza kwenda asubuhi na kikombe chake cha chai," nikasema, "bila kuomba mtu ruhusa."

Wakanipigia makofi. Makofi, jamani! Kisha wakatoka wakiendelea kubishana, na kamati yangu ikaingia, ikakalia viti vilevile.

Wamalwa akafungua kwa sala, akakohoa. "Gari itatoka Alhamisi. Kama hakuna mtu ako na swali..."

Nikainua mkono.

"Shemeji, wewe pumzika. Hii tuachie sisi."

"Nimepumzika ya kutosha. Wangila atazikwa kwa ploti. Yeye alisema, na sasa mimi nasema."

Nduta, aliyekuwa bado anakunja waya za spika, akasimama ghafla na kuziba mdomo kwa mkono. Alikuwa ameng'amua ni mfano wa nani.

Wamalwa hakupaza sauti. Heri angepaza. "Sawa. Na siku yako ikifika, Mama Valerie, wewe utazikwa wapi huku, na hauna ukoo?"



"Kando yake," nikasema.

Hapo ndipo machozi yaliponitoka, yote niliyokuwa sijayalia, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Nililia mpaka Wamalwa akaja kuketi kiti cha pili, akaniuliza polepole huo mwarobaini uko upande gani wa ploti.