Zamu ya Meza ya Injini

Corinne alinipigia simu asubuhi kabla sijamaliza kahawa. "Baba, najua leo mnaamua. Usiizuie safari yangu, tafadhali. Miaka tisa nimesubiri kiti." Nikamwambia nimesikia. Kusikia nilisikia, lakini kuahidi sikuahidi.

Chombo chetu cha anga kimezeeka. Wakubwa wa Washington walitaka neno kutoka kwetu sisi wa Titusville: kirushwe safari tano zilizobaki, au kipumzishwe sasa hivi. Kwenye safari ya tano mwanangu Corinne alikuwa na kiti. Niliogopa, sina haja ya kuficha.

Mlangoni mwa ukumbi wa mkutano, Duane wa meza ya tangi la mafuta akanichokoza. "Wendell, ukitufungia kazi leo, kesho sote tutauza kamba wa kukaanga kando ya barabara. Na wewe hata yai linakushinda." Watu wakacheka. Nikacheka nao, cheko la kinafiki kabisa.

Mkutano wetu huenda hivi: mwenyekiti huita meza moja moja, yaani kila kitengo cha mafundi, nayo hujibu "tayari" au "isimame". Ukisema isimame, toa vipimo, maana woga si kipimo. Ufa ukienda na kurudi salama mara tatu, tunauita wa kawaida, na cha kawaida hatuwasumbui nacho wanaanga.

Tangi wakasema tayari. Vigae vya kukinga joto, tayari. Kutoka Houston, kwenye spika ya simu, Corinne akajibu kwa niaba ya wanaanga: tayari.

"Injini?" akauliza Bi Hargrove, mwenyekiti wetu.

"Isimame," nikajibu.

Duane akanikodolea macho. Hakuna aliyecheka sasa.

"Vipimo, Wendell?" akauliza Bi Hargrove.

"Ni vilevile vya mwezi jana. Ule ufa kwenye bomba la mafuta."

"Mwezi jana ulisema tayari."

"Nilisema, ndiyo."

"Na waliokwenda mwezi jana nao wana baba zao." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Niambie ukweli, bwana. Kama Corinne asingekuwa anakwenda, leo ungesemaje?"

Nilitaka kudanganya. Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni, lakini nikaumeza.

"Ningesema tayari."

Simu ikakwaruza kidogo.

"Baba," akasema Corinne, na sauti yake haikuwa tena ile ya asubuhi. "Ufa gani?"